Kiti cha Kionjo

Nyumbani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, ukiliacha goti langu ambalo halijawahi kuwa na jema la kusema. Binti yako amemaliza mitihani na anashinda nami akingoja majibu. Anakula, anacheka, anaosha nywele kila siku utadhani posa iko mlangoni. Jirani yetu wa cherehani amejifungua mapacha, na mumewe anazunguka mtaa mzima akipokea pongezi kana kwamba ni yeye aliyelazwa.

Pale getini kwa hiyo nyumba ya tiba walinieleza kwamba simu yako itakaa ofisini hadi utakapotoka, barua zinaruhusiwa, na wageni hakuna mpaka miezi mitatu ipite. Nikamuuliza askari, kwani ndugu yangu kaiba nini? Akacheka. Mimi sikuwa natania. Uliingia na kimfuko chako cha nguo bila kugeuka nyuma, nikasema potelea mbali, kisha nikalia hadi nyumbani.

Kilabu kipo. Wateja wanakusalimu. Kinyozi ameuliza kiti chako kinamngoja nani, nikamwambia kinangoja vumbi. Si unawajua. Tangu watu wa mtaa wa pili wapofuke na wengine kufa kwa pombe mbaya, Baba akaweka ile sheria yake, na mpaka leo hakuna anayegusa jagi kabla hajamwona mwenye nyumba amekaa kwenye kile kiti, kamimina kwenye kikombe cha bati, kanywa mbele ya macho yao. Baba alionja hivyo hadi ini likamuua. Ukarithi wewe, na tumeona ulikofika.

Sasa sikiliza, maana sirudii. Ukitoka huko hukikalii tena. Namna ya kupanga niachie mimi. Kazi yako wewe ni kupona.

Mimi dada yako, mwenye goti.


Nyumba ya tiba, 19 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Hapa wanapekua kila kitu, maana kuna mke wa mtu aliwahi kumletea mumewe pombe ndani ya chupa ya mafuta ya nywele. Kwa hiyo umsalimie pia muuguzi, anakusoma kabla yangu.

Mwambie binti yangu nimefurahi kwa mitihani. Nywele aoshe tu.

Mimi sasa sijambo, ila mwanzo ulikuwa mbaya. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Niliona siafu kwenye shuka, nikawa nawapukuta, na mwenzangu wa chumbani, tunamwita Fundi Saa kwa kazi yake, akawa ananisaidia kuwapukuta ili nisijisikie mpweke. Hakukuwa na siafu hata mmoja, dada. Wananipa dawa na kuipunguza pole pole. Kumbe mtu aliyezoea kama mimi akikata ghafla peke yake nyumbani anaweza kuanguka kifafa na kufa. Unakumbuka uliponifungia chumbani ukawa unanipitishia uji dirishani, ukisema nitatoka nikiwa mtu mpya? Nilipomsimulia muuguzi alishika kichwa.

Siku ya kwanza aliniletea dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Nikamwambia, onja kwanza wewe. Wallahi sikuwa natania. Mdomo ulisema wenyewe. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Dirisha letu linatazama ukuta. Nyuma ya ukuta kuna karakana ya seremala, tunasikia randa mchana kutwa na hatuoni anachotengeneza. Fundi Saa anasema ni kabati, mimi nasema ni milango. Tunabishana hivyo mpaka chakula kinaletwa.

Lakini nikuulize. Kinyozi namjua, hawezi kunywa jagi lisiloonjwa. Kama kiti kinangoja vumbi, nani anaonja?

Ndugu yako,
Kitinda mimba.


Nyumbani, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Utanisamehe kuchelewa, mambo ni mengi na mimi ni mmoja. Paa la stoo limevuja, nimelazimika kuhamisha madumu yote ya pombe kwenye chumba chako, ila usijali, kitanda nimekifunika. Mapacha wa jirani wanalia kwa zamu, mmoja akipumzika mwenziwe anashika. Binti yako amefaulu. Nimeona bora nikuambie kwa sentensi fupi nisije nikalia kwenye karatasi. Amefaulu vizuri, anataka kusomea maabara.

Wewe kula dawa zako na uache kuuliza maswali ya kilabu. Mambo ya kilabu yaache kilabuni. Watu wanakuja, watu wanakunywa, watu wanakwenda kwao, na hakuna aliyelalamika. Kinyozi anasema hapajawahi kuchangamka hivi.

Goti afadhali. Siku hizi hata silisikii.

Usishangae mwandiko unavyolala, kalamu yenyewe mbovu. Mwambie muuguzi wako kwamba uji ule ulikuwa na sukari na maziwa, asinione muuaji.

Ah, nilisahau kukuambia, paa la stoo limevuja. Nimehamishia madumu chumbani kwako.

Dada yako.


Nyumba ya tiba, 6 Mei

Dada, shikamoo.

Kwanza, amefaulu! Nimemwambia kila mtu hapa, hata seremala asiyenijua nilimpigia kelele juu ya ukuta. Fundi Saa amelia kuliko mimi.

Afya yangu inarudi. Nimeanza kusikia ladha ya chumvi. Usingizi unakuja.

Sasa usinikasirikie. Umeniambia habari ya paa mara mbili katika barua moja. Goti lililokuwa linakunyima raha miaka yote, leo hulisikii. Mwandiko unalala. Hapa tunafundishwa dalili hizi asubuhi, na mimi ndiye mfano wao darasani, kwa hiyo nazijua kuliko mwalimu. Tumefundishwa pia kwamba funda ni kinywaji. Funda, kionjo, tone la adabu, liite utakavyo, yote yanaingia kwenye hesabu, na mwili hauna haja na jina tulilolipa.

Dada, ni wewe unayekaa kwenye kiti?

Jambo jingine. Juzi nilisimama darasani nikaisimulia sheria ya Baba, jinsi nyumba yetu isivyowahi kuua mtu, nikajigamba mpaka jasho likanitoka. Wenzangu wote wakapiga makofi. Muuguzi hakupiga. Baadaye aliniita ukumbini, akanieleza kitu kuhusu ile sheria. Sikiandiki. Labda nitakuambia tukionana, labda sitakuambia kabisa.

Nijibu ukweli. Kitinda mimba wako.


Nyumbani, 21 Mei

Wewe,

Binti yako hajambo. Jirani hajambo. Mapacha hawajambo. Salamu zimekwisha.

Ndiyo. Mimi ndiye ninayeonja. Umefurahi? Ulitaka aonje nani, ukuta? Ulipoondoka niliweka jagi mezani, wakalitazama kama nimewawekea nyoka. Mwalimu Mstaafu, kwa adabu zake zote, akaniambia, "Mama, hatujakudharau, lakini nani ametangulia?" Nikakaa. Nikasema funda moja tu. Basi funda la jagi la kwanza, funda la jagi linalofuata, na kila meza inataka ione kwa macho yake. Unanifundisha mimi hesabu ya mafunda? Wewe, ambaye nimekufulia mashuka?

Umekaa huko unalishwa kwa wakati, unabishana habari za makabati, mimi niko huku nashikilia nyumba kwa meno. Kilabu hiki ndicho kilichomsomesha mwanao. Ndicho kilichomzika Baba kwa heshima. Nifunge, halafu tule maranda ya seremala wako?

Na kwa vile umetaka ukweli, chukua na huu. Kiti kile kikiwa wazi, siku utakayoingia mlangoni watakushika mkono, watakukalisha, watakupigia makofi, na utakaa, kwa sababu tangu uzaliwe hujawahi kumwambia mtu hapana. Nimekikalia ili usikikute wazi. Ndio mpango wangu ule niliokuambia uniachie. Kwa hiyo ukimaliza muda wako usirudi hapa. Tafuta chumba huko huko. Tutaandikiana.

Wiki iliyopita nilijaribu kuacha, kwa ubishi, niwaonyeshe wewe na muuguzi wako. Siku ya kwanza nilijikaza kisabuni. Siku iliyofuata nikadondoka jikoni na maji ya moto mkononi. Binti yako alinitia kikombe cha pombe mdomoni, nikatulia. Amekuwa akinitazama vibaya tangu siku hiyo, na mimi nashindwa kumtazama.

Haya. Umejua. Umepata nini?

Dada yako.


Nyumba ya tiba, 29 Mei

Dada yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Barua hii inaletwa na dereva wa gari la dawa, anapita barabara yenu. Isome mbele yake.

Usiache ghafla tena. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Ulichokipata jikoni ndicho nilichokuandikia mwezi wa tatu, na safari nyingine huenda usiinuke. Jumanne nenda zahanati, kuna kliniki ya pombe mlango wa nyuma, ule wa karibu na bomba. Wewe na ukali wako wote, mwambie mganga ukweli, usimpunguzie hata kikombe kimoja. Atakupangia namna ya kupunguza, na kuna sindano za vitamini. Kula kabla ya kuonja. Usilale peke yako. Nimemwambia muuguzi habari zako, nisamehe au usinisamehe. Anasema upande wa wanawake kitanda kitapatikana mwisho wa Juni.

Juzi nilifungasha nguo zangu nije. Nilimwambia askari nifungulie, nikingoja akatae, nipigane naye. Akafungua. Hapa hawamfungii mtu, dada, sikujua. Nikasimama nimelishika geti, nikawaza: nikifika nitamwinua dada kitini, halafu? Madumu yako kwenye chumba changu, umeniandikia mwenyewe, mara mbili. Nitalala wapi, juu yake? Nikarudi ndani kwa miguu yangu. Askari alifunga geti. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Sasa lile jambo nililokataa kuandika. Nimelificha kwa sababu ya Baba. Lakini umeniambia umekikalia kiti ili nisikikute wazi, na siwezi kukuacha uendelee kukikalia bila kujua.

Ile pombe mbaya iliyopofusha watu haijulikani kwa ulimi. Haina ladha ya kukionya kinywa. Na anayeinywa haanguki hapo hapo. Saa nyingi hupita, hata siku nzima, ndipo macho yanaanza kuona ukungu. Kama dumu baya lingewahi kuingia kwetu, Baba angeonja, akatabasamu, akasema haya jamani karibuni, na wote wangekunywa, wakaenda kwao, wakalala. Kesho yake wangepofuka pamoja naye. Kile kikombe hakikumlinda mtu yeyote, dada. Hata mmoja. Tulikuwa na wapishi wazuri wa pombe na bahati, basi.

Nilimwomba muuguzi aniambie kwamba amekosea. Akanishika bega.

Kitinda mimba.


Nyumbani, 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Dereva wako alikunywa maji, akala, akangoja nisome. Nilimwambia barua ni nzuri, ndugu anaendelea vizuri. Kisha nikaingia stoo nikakaa kwenye dumu tupu mpaka binti yako akaja kunitafuta. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba babu yake alijiua kwa adabu?

Zahanati nilikwenda. Mganga ni kijana, nilidhani mwanafunzi, lakini anajua kuuliza. Nikamwambia yote. Alipomaliza kuandika akaniambia, "Mama, asante kwa kuja." Nimekuwa nikipunguza kama alivyonipangia. Kitanda wamenithibitishia.

Sasa nikupe habari yenyewe. Jumamosi mchana nilikuwa nimejilaza, mwili hauna nguvu. Nikasikia makofi mbele. Makofi yale nayajua, nimeyasikia tangu nikiwa na meno ya maziwa. Nilitoka nimeshika ukuta. Binti yako yuko kwenye kiti. Kikombe cha bati mkononi, anafuta mdomo kwa kiganja, anatafuta macho ya watu kama ulivyoyatafuta wewe siku yako ya kwanza. Kinyozi anasema, "Damu ya babu hiyo!" Na mwanao anatabasamu, mdogo wangu. Aliona nimelala, akaona wateja wamekaa, akataka kunisaidia. Basi. Ndivyo kiti kile kinavyompata mtu.

Nilimpokonya kikombe. Nikawaambia wote, neno kwa neno, yale uliyoniandikia. Ulimi haujui. Baba hakujua. Mimi sijui. Hamkuwahi kulindwa na mtu. Mwalimu Mstaafu akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa salama kwa bahati?" Nikamwambia, kwa bahati, Mwalimu. Akainuka, akachukua kofia yake, akaenda.

Wengine nilidhani watainuka naye. Wapi! Kinyozi akasogeza jagi lake mbele, akasema, "Sawa, mama, tumekuelewa. Lakini wewe onja tu. Tumezoea."

Tumezoea! Nilitaka kumpiga na jagi. Badala yake nikawatoa wote nje, nikafunga mlango wa mbele, na tangu siku hiyo natokea mlango wa nyuma kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Wanakuja mchana, wanagonga, wananiita mama kwa sauti tamu. Nakaa ndani nawasikiliza. Mikono inataka kufungua, nakwambia ukweli, inataka sana.

Binti yako alinikasirikia, akasema nimemwaibisha mbele za watu. Nimempeleka kwa mama yake. Ndiyo, yule yule niliyeapa sitakanyaga kwake kwa alivyokukimbia. Alifungua mlango, akatutazama, akasema, "Ingieni." Sikuingia. Niliona haya. Nilimwachia mtoto, nikamwambia alikuwa na haki ya kukimbia.

Kinyozi amekuja kukiomba kiti. Wamepata pa kunywa kule chini, na kuna mtu amekubali kuwaonjea. Nikamwambia afadhali nikitie moto. Nikachukua shoka. Lakini mti ule mgumu, na mikono yangu unaijua sasa ilivyo. Kiti kiko stoo, kizima, kina kovu moja la shoka. Sikuweza zaidi.

Tutakula nini tukitoka, sijui. Usiniulize.

Dada yako.


Upande wa wanawake, 2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu za huku huna haja nazo, maana huku ndiko uliko. Wanasema tutaonana wiki zangu za mwanzo zikipita, na kwamba wewe umeomba kuongezewa muda. Kwa nini umeomba sijauliza. Kwamba huna pa kurudi, au kwamba umeningoja, yote mawili yananiuma.

Simu yangu imeungana na yako ofisini. Nimemwambia askari, sasa umekamata ukoo mzima, funga kesi. Hakucheka safari hii, akanibebea begi.

Siku za mwanzo ni kama ulivyosema, ila mimi sikuona siafu. Nilisikia makofi. Mchana kweupe, nimefumbua macho, nawasikia wanapiga, nami nataka kuinuka. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mpishi wa shule, ananishika mkono wakati huo mpaka yapite. Dirisha letu nalo linatazama ule ukuta. Seremala wako anatengeneza vitanda, nimemuuliza kwa sauti akanijibu. Mwambie Fundi Saa nyote mmekosea.

Mwanao amekuja na mama yake hadi getini, wakaacha sabuni. Muuguzi alimpokea. Anasema binti alimuuliza kama kwenye maabara mtu anaweza kufundishwa kuijua ile pombe mbaya, kwa mashine, bila mtu kuitia mdomoni. Muuguzi akamwambia inawezekana. Nilipoambiwa hilo niligeukia ukutani, sikutaka mtu aone uso wangu.

Jana muuguzi aliniletea dawa kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki. Nikakishika, nikamtazama. Akasema, "Mama, nakuomba usiniambie nionje kwanza, ndugu yako alishaniambia." Tulicheka, mdogo wangu, mpaka mpishi akaamka. Kisha nikakiinua, na bila kujijua nikanywa funda moja, nikamrudishia kikombe, nikakaa nangoja.

Hakukipokea. Alinirudishia mkono wangu taratibu, akasema, "Hapana, mama. Hii ni yako yote."

Dada yako, ng'ambo ya ua.